Harufu ya Petroli Ndani ya Motokaa: Chanzo Chake na Dawa Yake

Siku ya sikukuu ya wanafunzi wa zamani, wageni wetu huegesha motokaa zao kwa mistari chini ya miti ya uwanja wa mpira. Safari hii iliyopita kazi yangu ilikuwa kuwaonyesha mahali pa kuegesha, nami nilipita kati ya magari hayo wakati jua la saa nane lilipokuwa kali. Matatu kati yake yalinuka petroli. Chini ya matumbo yake hapakuwa na tone hata moja, na wenyewe walikuwa wakicheka na kusalimiana kama watu wasio na habari. Nilitamani kuwaambia, lakini mdogo hawezi kumwendea mkubwa katikati ya karamu na kumwambia kwamba gari lake linanuka. Basi nawaambia hapa katika gazeti letu, kwa adabu zote, pamoja nanyi wanafunzi wenzangu ambao siku moja mtakuwa na motokaa zenu.

Habari hizi nilijifunza likizo ya Desemba kwa gari la mjomba wangu huko Mbarara. Yeye hulikodisha gari lake kupeleka watu hospitali, sokoni na shuleni, na kwa fedha hizo hunilipia karo. Gari lilianza kunuka petroli kwa ndani. Abiria walifungua madirisha hata mvua ikinyesha, na siku moja mama mmoja mwenye mtoto mchanga aliomba kushushwa njiani, akaona heri kungoja gari jingine juani. Fundi mmoja alilitazama gari kwa dakika chache, akasema tangi limeoza na lazima linunuliwe jingine. Bei aliyoitaja ilikaribia karo yangu ya muhula mzima. Jioni ile mjomba aliniambia, "Mpwa wangu, tangi limetaka karo yako." Nilielewa maana yake, wala sikulala vizuri.

Ili kufahamu yaliyofuata, hapana budi tuijue kwanza tabia ya petroli.

Maji yataka moto ili yatoe mvuke mwingi. Petroli haingoji moto. Huvukiza yenyewe mchana na usiku, na hata ikiwa na baridi ya digrii 40 hivi chini ya sifuri, bado mvuke wake waweza kushika cheche. Tena mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupai juu kama moshi wa jikoni, bali hutambaa chini, hufuata mteremko kama maji, na kukusanyika mashimoni. Wala hauhitaji kuwa mwingi ili uwake: katika kila sehemu 100 za hewa, zikiwamo sehemu moja na nusu hivi za mvuke wa petroli, cheche moja yatosha. Zikizidi sehemu saba na nusu hivi hauwaki, kwa kuwa hewa imepungua. Lakini asitegemee mtu hesabu hiyo, maana mbele kidogo ya hapo mvuke huchanganyika na hewa zaidi, nao huwaka.

Mambo mawili huongeza mvuke ndani ya tangi. La kwanza ni joto. La pili ni kupanda juu, kwa kuwa kadiri tupandavyo, hewa hutukandamiza kidogo zaidi na petroli hupata nafasi ya kuvukiza. Magari yetu mengi ni yale yaliyokwisha kutumika Japani, yakashushwa melini Mombasa kando ya bahari. Kutoka hapo huja Kampala, mita 1,200 hivi juu ya bahari, na mengine hupanda mpaka Kabale, karibu mita 2,000. Ikiwa lipo tundu dogo ambalo huko pwani halikuonekana, huku milimani litasema.

Hapo zamani motokaa ziliuacha mvuke huu uende zake hewani. Kisha mji wa Los Angeles, huko California katika Marekani, ukaanza kufunikwa na ukungu wa kahawia uliowasha macho na kuharibu mboga mashambani. Mwanakemia Arie Haagen-Smit, mzaliwa wa Uholanzi, alionyesha katika miaka ya mwanzo ya 1950 kwamba ukungu ule ulitokana na mvuke wa mafuta pamoja na moshi wa magari, ukipikwa na jua. Watu walikuwa wakivitafuta viwanda tu, kumbe mwenye kosa alikuwa ameegeshwa mlangoni mwao. Kwa ajili hiyo California iliamuru kwamba magari ya mwaka 1970 yawe na chombo cha kuuzuia mvuke wa tangi, na mwaka 1971 amri hiyo ikaenea Marekani yote. Nchi nyingine zikafuata, na leo karibu kila gari la petroli tunaloliona barabarani lina chombo hicho.

Chombo chenyewe ni kopo lenye mkaa. Si mkaa wa jikoni hasa, bali ni ndugu yake, uliotengenezwa kwa vifuu vya nazi au kwa mbao, ukatobolewa kwa joto na mvuke hata ukawa na vitundu visivyohesabika. Gramu moja ya mkaa huo yaweza kuwa na uso wa zaidi ya mita za mraba 500. Gramu 15 tu zina uso unaopita uwanja wetu wa mpira! Juu ya uso huo mpana mvuke wa petroli hunata na kukaa.

Kazi huendelea hivi. Gari likisimama juani, petroli huvukiza tangini. Mvuke hupita katika bomba dogo na kuingia katika kopo la mkaa, ambamo huzuiwa, na hewa safi hutoka upande wa pili. Baadaye injini inapowashwa na kupata joto, vali ndogo iliyo karibu na injini hufunguka. Injini hufyonza hewa kupitia kopo, hewa hiyo huubandua mvuke kwenye mkaa, na mvuke huingia injini ukachomwa pamoja na petroli nyingine. Hivyo mkaa husafishwa tayari kwa kesho. Upande wa pili wa kopo ipo njia ya kuingizia hewa, na katika magari mengi nayo ina vali yake. Tuziite vali ya kufyonzea na vali ya hewa. Ukikumbuka kwamba gari likiwa limezimwa vali ya kufyonzea hufungwa na vali ya hewa kwa kawaida huwa wazi, umekwisha kuelewa nusu ya somo.

Basi mvuke waweza kutorokea wapi? Kwanza ni kwenye kifuniko cha tangi, ambacho kina pete ya mpira inayokauka na kupasuka. Pili ni kwenye shingo ya tangi, yaani bomba lile la kujazia petroli, ambalo huliwa na kutu mahali tope linaporushwa na gurudumu. Tatu ni mabomba madogo ya mpira, ambayo hukauka kwa uzee, hasa penye kona na chini ya vibanio. Nne ni kopo lenyewe, likipasuliwa na jiwe. Tano ni zile vali mbili. Sita ni juu ya tangi, mahali pampu ya petroli inapoingia, ambapo pana pete nyingine ya mpira. Katika magari mengi madogo mahali hapo pamefichwa chini ya kiti cha nyuma, na mwenye gari aweza kukaa na gari lake miaka kumi asijue kwamba abiria wake hukalia mlango wa tangi.

Sasa nikiri kosa langu la kwanza. Niliposoma mahali fulani kwamba kifuniko cha tangi ndicho kinachokosa mara nyingi, nilichukua akiba yangu yote nikanunua kifuniko kipya. Sikukichunguza kile cha zamani hata kidogo. Nilikifunga kipya kwa majivuno, na kesho yake harufu ilikuwa palepale. Nilikuwa nimefanya sawasawa na yule fundi niliyemlaumu: yeye alikisia tangi, mimi nilikisia kifuniko. Tofauti yetu ilikuwa bei tu.

Ndipo nilipoketi na daftari na kuliuliza gari maswali, kama daktari amwulizavyo mgonjwa kabla ya kumpa dawa. Maswali hayo ni haya.

Je, pana tone au unyevu? Ikiwa petroli inadondoka, huo si mvuke tu. Bomba la petroli liendalo injini hubeba petroli kwa nguvu, mara tatu hivi ya nguvu ya hewa ituzungukayo au kuzidi, na likivuja gari lisiwashwe kabisa mpaka litengenezwe.

Je, harufu iko wapi hasa? Ikiwa mbele, tazama penye injini na vali ya kufyonzea. Ikiwa nje upande wa kujazia, tazama kifuniko na shingo. Ikiwa ndani nyuma, tazama chini ya kiti.

Je, harufu huzidi lini? Ikizidi tangi likiwa limejaa, na kupungua likiwa nusu, yaelekea tundu liko juu ya tangi au kwenye shingo, mahali petroli inapofikia kwa kutikiswa. Ikizidi gari likisimama juani, yaelekea mvuke unapita mahali palipopasuka, au kopo limeshiba na halisafishwi.

Je, gari huwaka kwa taabu mara tu baada ya kujazwa petroli, kisha likatetemeka? Hiyo ni dalili ya vali ya kufyonzea iliyokwama wazi, ikaiacha injini inywe mvuke wakati usiofaa.

Je, ukifungua kifuniko husikika mfyonzo mkubwa kama wa chupa iliyofungwa kwa nguvu? Mlio mdogo si kitu wakati wa joto. Lakini tangi likifyonza hewa kwa nguvu kila mara, njia ya hewa imeziba. Vumbi letu jekundu laweza kuiziba, na hata wadudu. Mwaka 2011 kampuni ya Mazda iliyaita magari yake 65,000 hivi huko Amerika ya Kaskazini, kwa sababu buibui wa namna fulani, apendaye harufu ya mafuta, alikuwa akitanda utando ndani ya bomba la hewa. Bomba likiziba, tangi laweza kukunjamana na kupasuka. Mnyama mdogo kuliko ukucha aliwashughulisha mainjinia wakubwa.

Swali la mwisho: je, jambo gani lilitendwa kabla ya harufu kuanza? Hili ndilo swali lililonifungua macho. Nilimwuliza mjomba, naye akafikiri kidogo, akasema, "Hakuna. Ila pampu ya petroli ilibadilishwa mwezi wa kumi." Nikamwuliza harufu ilianza lini. Akanitazama, akanyamaza. Ilianza mwezi wa kumi.

Nilifurahi mno hata nikasahau akili. Ilikuwa jioni. Nilikivuta kiti cha nyuma, nikashika bisibisi, nikaanza kulegeza skrubu za kifuniko cha pampu. Gari lilikuwa limeegeshwa juu ya mteremko, na chini yake, hatua kumi hivi, mama alikuwa akiwasha jiko apike chakula cha usiku. Mjomba aliona, akapiga ukelele ambao sijapata kuusikia kwake. "Acha! Funga! Toka humo!" Alikimbia akalimwagia jiko mchanga. Sikuelewa mpaka aliponionyesha kwa mkono: gari hapa, mteremko huu, jiko lile. Nimekwisha kusema kwamba mvuke hutambaa chini kama maji. Hayo niliyajua kitabuni tangu kidato cha nne, na jioni ile nilikuwa karibu kuyathibitisha kwa nyumba yetu. Mama hakunigombeza; alikaa tu juu ya kinu akilitazama jiko.

Kwa hiyo, kabla sijaeleza namna ya kutengeneza, nataja masharti ya usalama, na naomba msiyaruke. Fanyeni kazi mchana, mahali pa wazi na tambarare, mbali na jiko, sigara, taa ya moto na mashine za kuchomelea vyuma. Msifanye juu ya shimo la gereji. Tumieni petroli mpaka tangi lipungue chini ya nusu. Fungueni milango yote. Ondoeni waya wa hasi kwenye betri. Kabla ya kugusa tangi, gusa kwanza chuma kitupu cha gari ili umeme ulio mwilini utoke. Wekeni karibu kizimamoto cha unga au ndoo ya mchanga. Msitegemee maji, maana petroli huelea juu yake na kusafiri pamoja na moto. Wala msivute petroli kwa mdomo, wala msinuse kwa makusudi kwa muda mrefu. Mvuke wake huleta kizunguzungu na kuumwa kichwa, na ndani yake imo benzini, ambayo madaktari wamethibitisha kwamba huleta saratani ya damu kwa watu wanaoivuta mara nyingi.

Kesho yake asubuhi tulilisukuma gari mpaka uwanja wa wazi. Tulifuata masharti yote, na mara hii mjomba mwenyewe alisimama na ndoo. Chini ya kiti tuliona sahani ya chuma yenye skrubu nane, na kuizunguka vumbi lilikuwa limelowa na kuwa jeusi kwa upande mmoja tu, kama mwezi mwandamo. Penye vumbi kavu hapavuji. Penye vumbi la kunata ndipo penye habari. Tulipangusa uchafu wote kwanza, usije ukaanguka tangini. Mjomba alikuwa amelitembeza gari asubuhi ile mpaka petroli ikapungua, kisha tukauondoa fyuzi wa pampu tukaiacha injini ijizimie yenyewe, ili nguvu iliyobaki katika bomba iishe. Ndipo tulipoondoa betri na kulegeza skrubu.

Pete ya mpira ilikuwa ile ya zamani. Fundi aliyebadilisha pampu aliirudisha hiyohiyo. Mpira uliokaa katika mvuke wa petroli miaka mingi huvimba. Ukitolewa haurudi vizuri katika mfereji wake. Yeye aliusukuma kwa nguvu, ukajikunja mahali pamoja, na juu ya mkunjo huo akakaza skrubu. Tangi lilikuwa zima kabisa, halina kutu hata kidogo.

Pete mpya tuliipata mjini kwa bei ndogo kuliko ya kifuniko nilichokwisha kununua bure. Tuliifuta, tukailainisha kwa petroli safi kidogo, tukailaza katika mfereji bila kuivuta, kisha tukakaza skrubu kwa kuvuka, yaani hii kisha ile iliyo mkabala wake, kidogo kidogo mpaka zote zikawa sawa. Kukaza upande mmoja kwanza huinua upande wa pili, na kazi huwa bure.

Je, ikiwa kosa si pete ya pampu? Kila mahali pana kipimo chake, na kila kipimo kifanywe kabla ya kununua kitu. Kifuniko cha tangi: pinda pete yake kwa vidole, ikionyesha nyufa, au ikiwa imebonyea kwa kudumu, ibadilishe. Mabomba ya mpira: yakunje polepole ukitazama nyufa, hasa kwenye ncha. Likiwa limepasuka nchani tu na lina urefu wa kutosha, kata ncha hiyo ulichomeke tena. La sivyo nunua bomba lililotengenezwa kwa ajili ya petroli. Bomba la maji halifai, wala ule utepe wa mpira wa ndani ya tairi la baiskeli tunaopenda kuufungia kila kitu, maana petroli huulainisha ukawa kama ugali. Kipande cha sabuni kinachopakwa kwenye tundu la tangi kimewafikisha wengi nyumbani, nami sikidharau, lakini ni cha kufika nyumbani tu.

Vali ya kufyonzea: injini ikiwa baridi na inanguruma polepole, chomoa bomba litokalo kwenye kopo, uweke kidole. Katika hali hiyo kwa kawaida vali huwa imefungwa; ikifyonza kidole bila kukoma, imekwama. Vali ya hewa: ukiitoa nje na kuisafisha, ikiwa haina umeme hewa ipite, ikiwa haipiti, imeziba au imekwama.

Kwa matundu madogo yasiyoonekana, gereji kubwa zina mashine ya moshi. Husukuma moshi wa mafuta laini ndani ya mabomba kwa nguvu ndogo sana, na mahali moshi unapochomoza ndipo penye tundu. Mtu asijaribu kufanya hivyo kwa pampu ya kujazia upepo wa matairi! Nguvu ya pampu hiyo yaweza kulipasua kopo na tangi, tena huingiza hewa nyingi mahali palipojaa mvuke.

Neno moja juu ya taa. Magari yaliyouzwa Marekani tangu mwaka 1996 yana kompyuta ambayo, pamoja na kazi nyingine, huupima mvuke huu. Huyafunga mabomba yote na kuangalia kama yanashika pumzi, kama sufuria ya chakula cha moto iliyofunikwa barabara ambayo, ikipoa, kifuniko chake hunata. Isiposhika, taa ya injini huwaka, na mashine ya kusomea husema P0455 kwa tundu kubwa, P0442 kwa tundu dogo la milimita moja hivi, na P0456 kwa tundu la nusu milimita hivi. Lakini alama hizo hazisemi tundu liko wapi; husema tu kwamba lipo. Anayesoma P0455 kisha akanunua vali bila kuipima amekisia kama mimi. Na yako magari mengi barabarani kwetu ambayo hayapimi jambo hili kabisa, kwa hiyo taa isipowaka si hakika kwamba gari ni zima. Kwa magari hayo pua ndiyo taa.

Kutengeneza hakujaisha mpaka kuthibitishwe. Baada ya kufunga kila kitu na kurudisha betri, tuliwasha injini na kutazama kuzunguka sahani kwa muda mrefu. Pakavu. Tulijaza petroli mpaka bomba la kituo lilipojikata lenyewe mara ya kwanza, tukaacha hapo. Wengi humwambia mhudumu aongeze kidogo ili hesabu iwe kamili. Hilo ni kosa, kwa kuwa petroli yenyewe yaweza kuingia katika kopo, na mkaa uliolowa petroli hauwezi tena kushika mvuke. Kisha tuliliegesha gari juani madirisha yamefungwa tangu saa nne hadi saa tisa. Mjomba alifungua mlango, akaingiza kichwa, akakaa kimya. Akasema, "Linanuka viti tu."

Yule mama mwenye mtoto alipanda gari lile wiki iliyofuata, kwa bahati, wala hakujua kwamba ni lilelile. Karo ililipwa kwa wakati, na kwa sababu hiyo naandika makala hii nikiwa darasani.

Basi, wazee wetu mliokuja siku ya sikukuu, na wenzangu mtakaokuja mkiendesha magari yenu miaka ijayo, nawaombeni mambo mawili. Msiizoee harufu ya petroli. Pua huchoka upesi ikaacha kuisikia, na mwenye gari ndiye huwa wa mwisho kujua. Mwulizeni mgeni anapopanda. Na fundi akiwaambia nunua hiki au kile, mwambieni kwa upole, "Nionyeshe kwanza." Fundi mwema hataudhika. Atakiinua kiti, naye atawaonyesha.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita